Na Isifiwe Blobu

Katika kazi zote ambazo seva hutumwa usiku na mchana, hakuna inayolaaniwa kama kunakili blobu kutoka jedwali moja kwenda jingine. Jedwali ni mahali pa adabu: jina hapa, mwaka wa kuzaliwa pale, kijiji, sekta, teritwari, kila thamani ni ndogo, inasomeka, inapangika na inalinganishwa na mwenzake. Ndivyo Edgar Codd wa IBM alivyolieleza mwaka 1970, na mafundi wamelitunza hivyo kwa zaidi ya nusu karne. Kisha wakaja watu wakasema picha ya uso wa mwenye jina nayo iingie kwenye mstari wake, na alama za vidole vyake kumi pia. Hiyo ndiyo blobu: rundo la baiti ambalo hifadhidata haiwezi kulisoma wala kulielewa, inaweza kulibeba tu. Ukiiuliza ni ya nani, haijibu. Ukiitafuta kwa alfabeti, haipatikani. Na ukithubutu kuinakili, diski inajaa, kumbukumbu ya miamala inavimba, wafanyakazi wenzako wanakodolea macho skrini zilizoganda, na jina lako linatajwa katika mkutano wa Jumatatu.

Mimi naisifu. Tena siisifu kwa huruma, kama anavyosifiwa mtoto asiyefanya vizuri shuleni. Nadai kwamba uzito wake, uleule unaotukanwa, ndio uadilifu wake, na kwamba Maniema, mkoa wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo wenye teritwari saba, mji mkuu wa Kindu uliokatwa na mto unaovukwa kwa mitumbwi na kivuko, na intaneti inayokuja na kuondoka bila kuaga, ungepaswa kuwa wa kwanza kuijengea sanamu. Sanamu hiyo iwekwe Kindu, na iwe nzito kiasi cha kutoweza kuhamishwa.

Tuanze na hesabu, maana sifa bila hesabu ni ushabiki. Mwaka 2023 Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, CENI, ilihesabu wapiga kura zaidi ya milioni 43.9 nchi nzima. Maniema ilikuwa katika kanda ya tatu na ya mwisho ya uandikishaji, pamoja na Kivu mbili, Ituri, Tshopo na Uele mbili, iliyoanza Februari mwaka huo. Tukadirie kwa kiasi: picha ya uso kilobaiti 20, kila kidole kilobaiti 10 baada ya kubanwa. Mtu mmoja anakuwa na kilobaiti 120 za blobu, na maandishi yake yote, jina, postnom, wazazi, asili na makazi, hayafiki baiti 500. Kwa nchi nzima maandishi ni kama gigabaiti 22, yanaingia kwenye flashi ya kuning'iniza shingoni. Blobu ni zaidi ya terabaiti 5. Yaani ndani ya hifadhidata Mkongomani ni sehemu moja jina na sehemu 240 mwili. Sasa chukua kituo kimoja chenye watu 1,000, na laini ya kilobiti 256 kwa sekunde, ambayo kwa siku mbaya si ya kudharauliwa. Majina yote yanapita kwa sekunde 16. Nyuso na vidole vyao vinahitaji zaidi ya saa moja, laini isikatike hata mara moja, na jenereta isikohoe.

Mwenye pupa ataona hapo kasoro. Mimi naona kwanza ukarimu. Angalia PostgreSQL inavyoipokea blobu iliyowekwa ndani ya jedwali: kurasa zake ni za kilobaiti 8, kwa hiyo kitu kikubwa hukatwa vipande vya kilobaiti 2 hivi na kulazwa katika jedwali la pembeni. Ukiamuru mistari inakiliwe kwenye jedwali jipya, kila kipande husomwa, huunganishwa, hukatwa upya na kulazwa upya. Na kabla ya kulazwa huandikwa kwenye kumbukumbu ya miamala, ili umeme ukikatika pasipotee kitu. Kama kuna seva ya akiba, kumbukumbu hiyo hutumwa huko na kuandikwa, kisha jedwali la huko nalo huandikwa. Usiku chelezo hupita na kuchukua yake. Picha ya mama mmoja wa Kibombo, anayefumba jicho moja kwa sababu ya jua, imeandikwa mara tano kwa uchache, na hakuna mfalme wa zamani aliyechorwa mara nyingi hivyo kwa siku moja. Na msimamizi akitaka kuitoa kwa njia ya maandishi ya kawaida, kila baiti hugeuka herufi mbili, na mzigo unakuwa maradufu bila mtu kuongeza chochote. Ni wapi tena duniani kitu huongezeka kwa kutolewa?

Nisisahau ajira. Blobu inamlisha muuza diski, fundi wa jenereta, mwenye duka la mafuta na mlinzi anayekesha mlangoni pa chumba chenye kiyoyozi kimoja. Inampa mwendesha mashine kile ambacho maofisi yamemnyang'anya, yaani muda. Wakati upau unasogea kutoka asilimia 3 kwenda 4, mchele wa Maniema unaoshwa, unapikwa, unaiva na kuliwa pamoja na sombe, na hakuna bosi awezaye kumwambia aharakishe, kwa sababu bosi mwenyewe hajui cha kuharakisha.

Lakini wenye akili hawavutwi na mchele. Watasema yote haya ni upumbavu unaoepukika: weka picha kwenye faili pembeni, na katika jedwali uandike kielekezi tu, namba au njia inayosema picha ipo wapi. Kunakili kielekezi ni kazi ya kupepesa macho. Ni kweli, na kosa lao limejificha humo humo. Katika Oracle, safu ya aina ya BFILE ikinakiliwa, kinachonakiliwa ni kielekezi. Faili yenyewe inabaki pale ilipokuwa, na ikifutwa, mistari miwili inaelekeza patupu badala ya mmoja. PostgreSQL nayo ina aina ya vitu vikubwa vinavyokaa katika jedwali la mfumo na kutajwa kwa namba. Nakili mstari wenye namba hiyo, nawe umepata mistari miwili yenye picha moja. Mwenye mstari wa kwanza akiifuta picha, wa pili anabaki na namba isiyo na kitu. Wakifuta mistari yote miwili bila kuigusa picha, picha inabaki yatima humo ndani, inakula nafasi na haina wa kuidai. Yatima hao ni wengi kiasi kwamba programu hiyo husambazwa na chombo maalumu cha kuwazoa, kiitwacho vacuumlo. Kielekezi ni ahadi kwamba kitu kipo mahali pengine, na thamani ya ahadi hiyo haizidi barabara iliyopo kati ya hapa na huko pengine. Mjini kwenye nyaya za kutosha, barabara hiyo haionekani, watu wanasahau kwamba ipo. Kati ya Kabambare na Kindu, na kati ya Kindu na Kinshasa, hakuna anayeisahau.

Kindu yenyewe ingepaswa kulijua jambo hili kuliko mji wowote, kwa kuwa ni mji uliozaliwa na kushusha na kupakia. Kutoka Kongolo kushuka hadi Kindu mto Lualaba una maporomoko yasiyopitika kwa meli, ndiyo maana kampuni ya reli ya Maziwa Makuu, CFL, ilijenga njia ya kilomita 355 iliyokamilika mwishoni mwa 1910. Mzigo ulikuja kwa treni, ukashushwa Kindu, ukapakiwa kwenye meli hadi Ponthierville, Ubundu ya leo, ukashushwa tena, ukapanda treni nyingine ya kilomita 125 kuyakwepa maporomoko ya Wagenya, ukafika Stanleyville. Gharama za kushusha na kupakia zililaaniwa na kila mfanyabiashara. Hati ya mzigo ilikuwa nyepesi na ingeweza kufika kabla ya gunia, lakini hapakuwa na aliyekula hati. Na ni kule kuinuliwa kwa gunia bandarini, mgongo kwa mgongo, kulikojulisha kama lipo, kama limepungua, kama limelowa. Kunakili blobu ni bandari ya namna hiyo: usumbufu wake ndio ukaguzi wake. Muamala wa hifadhidata unaongeza jambo moja ambalo bandari haikuwahi kuwa nalo. Ama mstari mzima unafika, jina pamoja na uso na vidole, ama haufiki kabisa. Hakuna nusu mtu.

Kwamba nusu mtu ni hatari, tumeliona. Mwaka 2018 wakaguzi wa OIF, shirika la nchi zinazozungumza Kifaransa, waliipitia rejista ya Kongo yenye wapiga kura wapatao milioni 40, wakakuta asilimia 16.6 hawana alama za vidole. Ni zaidi ya watu milioni 6. Majina yao yalikuwepo, vituo vyao vilikuwepo, namba zao zilikuwepo. Upinzani ukawaita mizimu, Tume ikasema ni watu halali, na ubishi huo ukaandamana na uchaguzi hadi Desemba. Siingii kwenye nani alikuwa mkweli. Natazama tu kilichokosekana. Halikukosekana neno hata moja. Sehemu ile nyepesi, inayopita kwa sekunde 16, ilifika kamili. Kilichokosekana ni kile kizito, kinachochukua saa nzima na kukasirisha mafundi, na bila hicho milioni 6 za mistari safi, yenye adabu, kama Codd alivyopenda, hazikuweza kumshawishi mtu yeyote asiyekuwa tayari kushawishika.

Kenya iliyasoma hayohayo kwa njia ya mahakama. Mwaka 2017 matokeo ya urais yalipaswa kutumwa kutoka vituoni yakiwa mawili kwa pamoja: tarakimu, na picha ya Fomu 34A iliyosainiwa na mawakala. Kwa maelezo ya tume ya uchaguzi yenyewe, IEBC, zaidi ya vituo 11,000 havikuwa na mtandao wa 3G au 4G. Tarakimu zikakimbia, picha nyingi zikabaki nyuma, na mshindi akatangazwa wakati maelfu ya fomu bado hayajaonekana. Tarehe 1 Septemba Mahakama ya Juu chini ya Jaji Mkuu David Maraga, kwa majaji wanne dhidi ya wawili, ilifuta uchaguzi huo, na utumaji wa matokeo ulikuwa kiini cha sababu zake. Mwaka 2022 tume hiyo ikageuka kabisa. Ikaweka hadharani picha za fomu kutoka vituo vyake 46,229, mtu yeyote azipakue na kujumlisha mwenyewe. Ubishi haukwisha, kwa sababu binadamu ni binadamu, lakini safari hii watu walibishana wakiwa na karatasi mbele yao. Kazi ile yote ilifanywa na mafaili ya picha, viumbe ambavyo fundi yeyote angekushauri usiviruhusu karibu na seva siku ya kilele.

Tena kuna sifa moja ambayo maandishi hayatakaa yaipate. Blobu haikosewi tahajia. Katika nchi ambayo makarani waliosoma Kifaransa waliandikisha majina yaliyokuja kwa Kiswahili na Kiarabu, kila anayeandika upya jina analibatiza upya. Rashidi anakuwa Rachidi, Shabani anakuwa Chabani, Mwinyi anakuwa Muinyi, na ndugu wawili wa baba mmoja wanajikuta na koo mbili. Maandishi yanaonekana mepesi kunakili, na kwa kuwa ni mepesi, mtu huyanakili kwa mkono, na mkono una maoni yake. Blobu hakuna anayeijaribu kwa mkono. Hunakiliwa na mashine baiti kwa baiti, na ikitofautiana hata kwa biti moja, hesabu fupi ya uhakiki huigundua papo hapo. Tunaisuta kwa ububu wake, kumbe ububu huo ndio umewanyima makarani nafasi ya kuisahihisha.

Ushahidi wa mwisho umo mifukoni mwa watu. Kadi za mpiga kura zilizotolewa 2023 ndizo kitambulisho cha Wakongomani wengi, kwa kuwa nchi imekaa miongo bila kadi ya uraia, na sensa ya mwisho ni ya 1984. Kadi hizo zilianza kufutika. Wino ulififia, uso ukawa ukungu, namba ikawa kisio, na kabla ya uchaguzi wa Desemba watu walipanga foleni kwenye antena za CENI, yaani ofisi zake za matawi, kuomba duplikata. Duplikata haitengenezwi kutokana na kadi iliyofutika wala kutokana na kumbukumbu ya mwenye kadi. Inatengenezwa kutokana na ile blobu iliyovutwa kwa shida hadi ikafika. Wenye vibanda vya fotokopi wanalielewa jambo hili bila kusoma Codd: hunakili wakati asili bado inaonekana, si baada ya hapo.

Nina deni kwa wanasayansi, nilipe. Mwaka 2006 Russell Sears, pamoja na Catharine van Ingen na Jim Gray wa Microsoft Research, walipima swali hili badala ya kulipigia kelele. Walikuta kwamba vitu vilivyo chini ya kilobaiti 256 hukaa vizuri zaidi ndani ya hifadhidata, vinavyozidi megabaiti 1 hukaa vizuri zaidi kwenye faili, na vya katikati hutegemea vinabadilishwa mara ngapi. Basi anayetaka kuhifadhi filamu za harusi ndani ya jedwali asinitaje kama shahidi wake. Lakini kidole cha kilobaiti 10 na uso wa kilobaiti 20 viko chini kabisa ya mpaka huo. Laana inayotupiwa blobu za Kindu ilitungwa kwa ajili ya video, ikatumika kwa vidole kwa uvivu wa kutopima.

Pingamizi moja silichezei. Kila nakala ni mlango mwingine wa kuibiwa. Neno la siri likivuja hubadilishwa, kidole hakibadilishwi, na alama za mtu zikitoka leo zitakuwa nje hadi azikwe. Sheria ipo: Kanuni ya Kidijitali ya Machi 2023 inazitambua data binafsi na kuzilinda. Ningeweza kujibu kwa utani kwamba mwizi wa majina huondoka na flashi shingoni, ilhali mwizi wa nyuso za taifa zima lazima aombe kiti na asubiri, na katika kusubiri huko mlinzi huenda akaamka. Ni utani wa kweli kwa taifa zima tu. Vidole vya teritwari moja vinatosha kwenye diski ya mkononi. Hivyo sifa zangu zina ukuta: blobu inakiliwe pale safari inapodai, kwa njia iliyosimbwa, na nakala za njiani zifutwe mara tu ya mwisho inapothibitishwa. Anayezilimbikiza kwenye kompyuta ya ofisi "kwa usalama" hajaipenda blobu, amependa kulimbikiza.

Safari ijayo inajulikana. Uchaguzi mwingine unatazamiwa 2028, na serikali imekuwa ikisema muda mrefu kwamba kazi za CENI, za ONIP inayotakiwa kutoa kadi ya uraia, na za taasisi ya takwimu ziunganishwe, ili raia asipigwe picha mara tatu na dola moja. Siku mafaili hayo yatakapohama kutoka hifadhidata moja kwenda nyingine, vishawishi vitakuwa vilevile: tupeleke majina kwanza, picha zitafuata, tuweke kielekezi kwa muda. Msimamizi wa seva akatae, na tarehe ya sherehe isogezwe. Akimaliza, aiulize hifadhidata swali moja tu: ni mistari mingapi ambayo safu yake ya blobu ni tupu? Jibu huja haraka kuliko kazi yote iliyotangulia, kwa kuwa ili kujua kama blobu ipo seva haihitaji kuifungua. Huangalia tu mstari, na kuiacha ilale na uzito wake.